Kurasa Ishirini na Mbili

Ripoti zilikuwa ishirini na tatu. Kurasa zilikuwa ishirini na mbili.

Syntiche alihesabu mara ya kwanza akadhani macho yanamchezea. Akahesabu mara ya pili kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mara ya tatu kijasho chembamba kikaanza kumtoka mgongoni, na ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumamosi, baridi ya mwezi wa sita bado imekaa ndani ya kuta.

Acha nieleze kwanza kazi yake, maana bila hiyo utasema binti huyu anaogopa kivuli chake. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kliniki ndogo ya kupima tumbo, kwenye njia ya Kasapa mjini Lubumbashi, si mbali na chuo alichosomea. Mashine ya ekografi, ile inayomchungulia mtoto tumboni, ikimaliza kupima huandika ripoti yake kwa vifungu: jina, wiki za mimba, mapigo ya moyo, kondo la nyuma limekaa wapi. Alasiri Docta Anaclet, mwenye kliniki, anatazama picha na kuongeza maneno yake, na wakati huo wagonjwa wanaotoka mji wa Kipushi wameshapanda gari kurudi kwao. Ripoti hiyo haifunguki kwenye simu ya mtu. Zamani ilibidi warudi baada ya siku tatu kuchukua karatasi.

Syntiche ndiye aliyeleta maarifa. Kuna programu isiyo na vitufe wala picha. Unaiandikia amri kwenye dirisha jeusi, unaipa ripoti, nayo inakutolea ukurasa wa mtandao ambao hata simu ya bibi kizee inaufungua. Akazipanga amri zake mstari kwa mstari, ziwe zinageuza ripoti zote za siku kwa mpigo mmoja, na kesho yake kila mgonjwa anapata ujumbe wenye kiungo cha ukurasa wake. Docta Anaclet alimsifu mbele ya kliniki nzima. Na sifa zinalevya kuliko lutuku, mwenye kuzionja anajua.

Sasa sikia alipoteleza. Kwetu mtu ana majina matatu: jina, jina la pili, na lile la ubatizo. Mwanzoni kila ukurasa ulibeba yote matatu. Lakini majina ya ubatizo ni ya Kifaransa, yana vikofia juu ya herufi, na vikofia vile viliharibu anwani za kurasa. Mzee mmoja aitwaye Dédé, mstaafu wa mgodi, alikuja kliniki na simu mkononi, akasema alitaka kuonyeshwa figo zake, si alama za kuuliza. Watu wakacheka. Syntiche akaona haya, na siku hiyohiyo akalikata jina la ubatizo, kwenye anwani na kwenye kichwa cha ukurasa. Tarehe ya kuzaliwa alikuwa ameshaificha zamani, ili mtu akiokota simu asisome siri za mwenzake. Akajisemea, mtu ni jina lake na la pili. Hilo la tatu ni la padri.

Alisoma miaka mitano chuoni, akasahau jambo analolijua kila muuza maandazi wa Lubumbashi. Kwetu jina linarithiwa. Bibi anazeeka, wajukuu wanalibeba jina lake zima, la kwanza na la pili, na wale wanaolichangia wanaitana “majina”, yaani somo wa jina moja. Unaweza kuwakuta watatu nyumba moja. Hapo ni lile la padri tu linalojua nani aitike.

Akainuka na kwenda mapokezi kwa Delphine, akaomba kitabu cha wagonjwa. Mkono wake ulishuka kwenye orodha ya Alhamisi, ukasimama. Mumba Katongo Huguette. Chini yake, Mumba Katongo Plamedie. Wote wa Kipushi, simu moja, ya mama aitwaye Daniella.

Delphine aliwakumbuka vizuri. Ni watoto wa dada wawili, wameitwa kwa bibi yao, na wote wanakaa kwa mama yao mkubwa huyo Daniella. Walikuja wamevaa kitenge kimoja, matumbo yanakaribiana, wanataniana nani atatangulia. Wala majina yao ya ubatizo hayakuwa na kikofia hata kimoja.

Syntiche alirudi kwenye dirisha jeusi akikimbia, karibu aangushe kiti. Akaandika amri nyingine, ile ya kusoma ripoti yenyewe kabla haijageuzwa. Ya Huguette: mtoto mzima, kondo la nyuma liko juu, anaweza kuzaa kwenye kituo cha afya cha kwao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye ukurasa. Kisha akafungua ya Plamedie, wiki thelathini na saba, na maneno ya Docta Anaclet aliyasoma akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kondo la nyuma limefunika mlango wote wa kizazi. Asizae kwa njia ya kawaida. Asipimwe kwa mkono. Apelekwe penye upasuaji kabla uchungu haujaanza.

Ya Plamedie iligeuzwa kwanza. Ya Huguette ikaja nyuma, ikakuta jina lilelile na tarehe ileile, ikakalia palepale, na ile ya kwanza ikafutika. Viungo vyote viwili vilivyotumwa kwa simu ya Daniella vikawa vinafungua ukurasa huo mmoja. Programu haikuuliza neno, kwa sababu Syntiche hakuiambia iulize.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi, lililomfanya atamani sakafu immeze. Jana yake asubuhi alipigiwa simu na Papa Ruphin, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wa akina Daniella. Yule mama alikuwa amemletea simu yake amsomee, kwa kuwa ripoti ni ya Kifaransa. Ruphin aliuliza kwa adabu imekuwaje kurasa mbili zifanane hadi tarakimu ya mwisho, hata uzito wa watoto. Umeme ulikuwa ndiyo kwanza umerudi, kazi zimerundikana, na Syntiche hakutaka hata kutazama. Alimjibu kwa kujiamini kama mtu aliyeiumba mashine yenyewe.

"Mashine haidanganyi, Papa Ruphin."

Na Ruphin akawaambia wanawake wale wote wawili wakae kwa amani.

Alipiga simu ya Mama Daniella. Imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Kipushi haikuwa na umeme tangu jana, na simu za watu zilikuwa zimekufa. Akampigia Ruphin. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na Syntiche aliyaona yanakuja mbio. Alijiona amesimama mbele ya jeneza. Aliona hata kitenge alichovaa Plamedie Alhamisi, na kumbe hakuwahi kumwona Plamedie. Alikuwa amemsikia tu kwa Delphine. Mara ya tano simu ikapokelewa.

"Yaya, dada yangu, nikupigie kisha," Ruphin akasema, pumzi zake ziko juu. "Niko na muntu ya kuzaa."

"Ni Mumba Katongo?"

"Ndiyo. Uchungu ilianza asubui."

"Mumba Katongo gani?"

Nyuma ya Ruphin mwanamke alikuwa anaguna kwa maumivu. Syntiche alimwomba Mungu jina moja tu, kisha akaona haya kwa kuliomba, maana lile jingine nalo lilikuwa la mtoto wa mtu.

"Plamedie," akasema Ruphin.

"Umeshamupima na mukono?"

"Bado, ndiyo navala gants za mikono."

"Usimuguse."

"Lakini page inasema kila kitu iko muzuri. Wewe mwenyewe ulisema mashine haidanganyi."

"Mashine haikudanganya, papa. Ni miye. Page ile ni ya Huguette, ya Plamedie niliifuta bila kujua. Kondo ya nyuma imefunika mulango yote. Ukiingiza mukono, damu itatoka na hautaiweza. Nakuomba, vua gants."

Alisikia pumzi ya mtu mzima aliyegundua alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo. Kisha simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Docta Anaclet alikuwa na mgonjwa. Syntiche aliingia bila kubisha, akasema yote kwa mkupuo, kuanzia vikofia hadi glavu za Ruphin. Alitegemea kufokewa. Docta hakufoka, alivua miwani, akaishika simu, akampigia daktari mpasuaji anayemfahamu katika hospitali ya Kipushi, akamwambia mwanamke anakuja, chumba kiwe tayari na damu itafutwe. Kisha akachukua ufunguo wa gari.

Barabara ya Kipushi si ndefu, lakini siku ile ilikuwa imejaa malori ya madini, moja nyuma ya jingine, na vumbi jekundu limefunga kioo. Syntiche alianza Salamu Maria akaisahau katikati, akaanza upya, akaisahau palepale. Aliogopa simu isilie. Ilipolia aliogopa kuipokea, na ilikuwa ni Delphine anauliza wamefika wapi. Kichwani alikuwa akihesabu ripoti na kurasa, ripoti na kurasa, kana kwamba akihesabu vizuri safari hii yule mmoja aliyepotea atarudi.

Hospitalini waliwakuta kwenye benchi la korido. Mama Daniella, mwanamke mnene wa makamo, alikuwa na damu kwenye kitenge, kuanzia gotini kwenda chini. Huguette alikaa pembeni yake ameshika tumbo lake kwa mikono yote miwili. Jirani alikuwa amewapa pick-up. Plamedie alianza kutoka damu njiani, wakiwa wameshaliona lango la hospitali. Sasa alikuwa mle ndani, nyuma ya mlango wa kijani. Syntiche akasimama ukutani, kwa sababu kukaa nao kwenye benchi aliona si haki yake.

Wakasubiri. Kila mlango ulipolia, wote waliinua kichwa. Alipita mtu na ndoo, akapita mwingine na mfuko wa damu, kisha wa pili, anakimbia. Huguette akaanza kulia bila sauti. Syntiche alijiambia mlango ule ukifunguliwa na daktari akawa amevua kofia, yeye hatarudi Kasapa, hataigusa kompyuta tena maishani, ataenda mahali asipojulikana. Ukafunguliwa. Daktari alikuwa na kofia yake kichwani, na kabla hajasema kitu, nyuma yake kichanga kikalia.

Mtoto wa kike. Mama yake amechoka sana, amepoteza damu nyingi, lakini anaongea. Nusu saa zaidi, daktari akasema, au mkono mmoja tu wa kupima, tungekuwa tunasema mengine.

Mama Daniella alilia, akacheka, akamshukuru Mungu kwa sauti ya kanisani. Kisha akamwendea Syntiche, akamshika mikono miwili.

"Ruphin aliniambia ni wewe ulipiga simu. Kama si wewe, leo tungekuwa kwa kilio. Uyu mutoto tutamupa jina yako. Ataitwa Syntiche. Utakuwa majina yake."

Watu wa korido wakaitikia, wengine wakapiga makofi. Docta Anaclet akatazama sakafu. Ruphin alikuwa mlangoni, bado amevaa koti lake la kazi, na alimtazama Syntiche. Alikuwa amewaeleza habari nusu, na nusu iliyobaki amemwachia mwenyewe. Hapo ndipo Syntiche alipoogopa kuliko asubuhi yote ile. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Angeweza kutabasamu tu, akabeba jina, akarudi nyumbani mtu mwema, na kila mwaka wangemwita kwenye sikukuu ya mtoto ale kuku.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi ndiye niliyefuta ripoti ya Plamedie. Docta aliandika hatari, tangu Alhamisi. Niliandika batoto babili na jina moja, ya mwisho ikafunika ya kwanza. Papa Ruphin aliniuliza jana, sikutazama."

Mama Daniella aliiachia mikono ile. Hakuiachia kwa hasira. Aliiachia polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo mu ordinatere, mu ile kompyuta yako, batoto bangu babili balikuwa muntu moja."

"Ndiyo, mama."

"Ile jina ni ya mama yangu. Alizaa batoto kenda, akazika bane. Kila mara mutoto mwanamuke anazaliwa mu nyumba yetu, tunaangalia kama ni yeye amerudi." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Basi, haitakuwa Syntiche. Ataitwa Mumba Katongo, sawa mama yake, sawa kambo yake, ni kusema mama yangu. Hatutabadirisha jina juu ya mashine. Sasa beko batatu. Siku nitamuleta kwenu, nitasimama nyuma yako, nione namna unamuandika."

Syntiche akaitikia, ndiyo mama. Mama Daniella alishageuka kwenda kumwona mtoto.

Jumatatu asubuhi alirudisha majina yote matatu, akavua vikofia kwenye anwani tu, akaongeza namba ya mgonjwa, akaiagiza programu isimame kila inapokuta ukurasa umeshakuwepo. Akageuza ripoti za Alhamisi upya. Akahesabu kurasa kwa kidole juu ya kioo, zikawa ishirini na tatu. Akahesabu tena.