Mkono Chini ya Shuka

Dagane alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la mifugo la Garsen, na kila Abdirizak alipofungua mdomo, roho ilimuuma. Tena si kidogo! Abdirizak, dalali mwenzake, alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na mizaha isiyokwisha. Wanunuzi walimzonga wakicheka. Dagane yeye alifanya kazi kimya: alishikana mkono na mnunuzi chini ya shuka, vidole vikapatana bei, na waliosimama kando wasijue kitu.

"Ana nini yule ambacho mimi sina?" alimuuliza mkewe, Kafia.

"Domo," Kafia akajibu. "Hebu kunywa chai, inapoa."

Jibu hilo halikumtuliza hata chembe. Akanunua kofia nyekundu kama ya Abdirizak, akawa anajizoeza mizaha yake akiwa peke yake njiani. Mtu mzima na ndevu zake!

Siku ya soko akaja Mama Gumato, mjane wa Kiorma, akimvuta fahali wake wa mwisho. Alimwita Dagane pembeni. Fahali yule ndiye karo ya Ikran, bintiye aliyekuwa chuoni.

"Mashemeji zangu wale pale kwenye uzio," alinong'ona. "Wakijua bei, kila mmoja ataniletea shida yake, na mtoto atarudi nyumbani. Ndiyo maana nimekuja kwako, mwanangu."

Dagane aliitikia, lakini sikio lake lilikuwa kwa Abdirizak, ambako vicheko vilikuwa vimepamba moto. Wivu ukampanda kichwani. Mnunuzi alipokuja na kunyoosha mkono, Dagane hakuupokea. Alipanda juu ya jiwe na kofia yake nyekundu, akamwonyesha fahali kwa kidole, akapaza sauti, "Jamani, njooni mumwone bwana harusi wa Mama Gumato!"

Watu wakacheka. Lo, utamu ulioje! Akanogewa, akaropoka na bei ambayo mama yule alikuwa amemnong'oneza, soko zima likasikia. Kule kwenye uzio mashemeji wakageuza shingo.

Mama Gumato hakugomba. Alishika kamba ya fahali wake. "Ningetaka kelele," alisema, "ningemwendea Abdirizak."

Dagane alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote alikiona kimya chake kuwa kilema, kumbe ndicho watu walichokifuata kwake. Naye amekitupa kwa ajili ya vicheko! Akavua kofia, akamkimbilia mama yule mbele za watu.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa najifanya mtu mwingine. Niachie nimalize kwa njia yangu."

Mama Gumato akampa kamba. Mnunuzi akaitwa tena. Chini ya shuka vidole vilivutana. Mnunuzi akanuna, akatoa mkono, akaurudisha. Walipokubaliana, Dagane alimnong'oneza Mama Gumato, naye akavuta mtandio kuficha tabasamu.

Mashemeji hawakukawia. "Dagane, ile bei uliyotangaza ndiyo aliyolipwa?"

Upande wa pili Abdirizak alikuwa anawachekesha watu tena, na wivu ukamchoma Dagane palepale pa siku zote. Jibu lilikuwa mdomoni. Angesema kwa sauti jinsi alivyoipandisha bei ile, soko lote lingemgeukia.

"Muulizeni mwenye ng'ombe," alisema, akaanza kukunja shuka lake.