Aliyefunga Mwezi Mzima

Mwanamme asiyejua mambo ya wanawake akinyamaza husitirika. Abdulwahid hakunyamaza. Alikuwa na karakana ya kushona sare za mahoteli pale Mkunazini, mafundi chini, ofisi yake juu, na siku ya kuamkia Sikukuu aliwakusanya mafundi wake, wote wanawake, akawapa kila mmoja boksi la tende. Angeishia hapo. Akaona haitoshi, akatoa hotuba.

"Kuna mtu hapa ana mkataba wa muda, lakini kawashinda nyote," alisema. "Mwezi mzima nikipita stoo nnakukuteni mnakula, leo huyu, kesho yule. Lakini Nadra huyu, hata siku moja! Kafunga Ramadhani yote na kazi hajapunguza. Baada ya Sikukuu nampa mkataba wa kudumu, na nyote mashahidi."

Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake waliangaliana. Wale wa stoo hawakula kwa ulafi. Kila mwanamke ana siku zake ambazo dini yenyewe inamkataza kufunga, na huja akazilipa baadaye. Mke wa mtu, kijana, akimaliza mwezi bila kukosa hata siku moja, jambo lake ni moja tu. Nadra aliona macho ya wenzake yakimshuka kutoka usoni mpaka tumboni.

Kosa lilikuwa lake pia. Alipojijua ana mimba, katikati ya mwezi, alihofu kwamba akila kila siku watamtambua, basi akajikaza akafunga, na mwili ukamstahimilia. Hakukumbuka kwenda stoo siku tatu nne kuzugia. Alipomsimulia mumewe, Talib, nyumbani kwao Ng'ambo, Talib alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, maana mkataba ule walikuwa wanautegemea wote wawili.

Mama yake Nadra alisema mimba haitangazwi, hujitangaza yenyewe, na mahasidi ni wengi. Bi Rahila, msimamizi wa mafundi, naye alimvuta pembeni siku waliyorudi kazini.

"Vaa baibui lako pana, saini, halafu ndo umwambie. Yule hajajua kitu. Angejua angesema vile?"

Ulikuwa ushauri mzuri, na ulimchoma. Kwa nini ajifiche na mimba ya ndoa yake? Akisaini kwa kuficha, Abdulwahid atamwita muongo mpaka siku atakayoacha kazi, na atakuwa na haki. Nadra alipanda ngazi na hofu yake. Mkataba wa kudumu ulikuwa mezani.

"Bosi, kabla sijasaini, nna mimba."

Abdulwahid aliuvuta mkataba upande wake, taratibu, akidhani haonekani.

"Hongera," alisema. "Basi tuandikiane wa muda tena, miezi mitatu. Ukishajifungua, ukipata nguvu, uje tuzungumze."

"Miezi mitatu ikisha tumbo liko nje. Utanambia mkataba umekwisha."

Ndivyo Abdulwahid alivyokusudia.

"Biashara hii, Nadra. Mahoteli hayasubiri mtu."

"Na ule mwezi ulionisifu, ulidhani niko peke yangu? Mimba ilikuwamo. Tumefunga wawili, tumeshona wawili, ukatusifu sote."

"Ulikuwa na mimba ukafunga?"

"Ndiyo maana sikukosa hata siku. Wale wa stoo walikuwa na udhuru wao, bosi."

Uso ulimuiva Abdulwahid. Alikuwa ameikumbuka hotuba yake, neno kwa neno.

"Mbona hamkunambia?"

"Nani akwambie? Una mke nyumbani."

Abdulwahid akatoa kwenye mtoto wa meza karatasi ya miezi mitatu, akamsogezea bila kumtazama. Nadra aliirudisha kwa kidole kimoja. Hofu ilikuwa imemwisha, zimebaki hasira, na hasira zile zilimpa raha.

"Huu sisaini. Nipe ule ulioniahidi mbele ya watu, au shuka unifukuze mbele ya watu hao hao."

Akatoka bila kusubiri jibu. Chini vyerehani vilikuwa kimya; hakuna aliyekuwa akishona, walikuwa wametega masikio.

"Kasemaje?" aliuliza Bi Rahila.

"Hajasema. Mimi nshasema." Nadra aliwageukia wenzake wote, madirisha yako wazi na watu wanapita uchochoroni. "Jamani, nna mimba. Mwenye kuhusudu na ahusudu!"

Kigelegele hakipigiwi mimba, hungojwa mtoto azaliwe. Bi Rahila alilijua hilo kuliko wote, na yeye ndiye aliyeanza. Wengine wakapokea, mpaka muuza kahawa wa nje akachungulia dirishani kuuliza bibi harusi ni nani.

Abdulwahid alishuka nusu ya ngazi. Akawaona mafundi wake wote wamesimama, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha macho. Akarudi juu. Aliposhuka tena alikuwa na mkataba wa kudumu, saini yake imeshatiwa, akauweka juu ya cherehani cha Nadra.

"Haya, saini," alisema kwa sauti ndogo.

Nadra alivuta kiti, akakaa. Akausoma wote, mstari kwa mstari, kurasa zote, na bosi wake amesimama anamsubiri. Ndipo akaomba kalamu.