Kuua kwa Kiingereza

Hofu uisikie kwa mwenzio, isikufike. Asubuhi ile mkalimani wa mahakama alishindwa hata kufunga vishikizo vya gauni lake. Na yote hayo kwa ajili ya neno moja, tena fupi: kill.

Mchekeshaji mmoja alimwandikia dada yake kwa Kiingereza: "Tonight I'll kill them all." Jioni ile roshani ya ukumbi aliokwenda kuchekesha ikaanguka, watu wawili wakafa. Polisi wakauona ujumbe. Mkalimani akatafsiri, "Leo nitawaua wote," akagonga mhuri. Hukumu ni leo.

Na ni leo hii, akinywa chai, alipofungua kamusi ya misimu ya Kiingereza kutafuta neno jingine kabisa, jicho likaangukia hilo kill. Watu wa jukwaani, kamusi ilisema, wamelitumia zaidi ya miaka mia kwa maana ya kuchekesha watu hadi wakawa hoi. Chai ikampalia.

"Dada, nyamaza," mdogo wake akamsihi alipomsimulia. "Ukisema, mhuri wanakunyang'anya. Watoto utawalisha kamusi?"

"Na nikinyamaza?"

Mkalimani akaitia kamusi mkobani, akatoka.

Mahakamani, mchekeshaji alisimama kizimbani akitazama sakafu, shati likimpwaya. Hakimu akafungua jalada. Mkalimani akanyoosha mkono, kamusi mkononi.

"Mheshimiwa, nilikosea. Hakusema atawaua. Alisema atawavunja mbavu."

"Kuua ni kuua," mwendesha mashtaka akasema.

"Sisi tukisema fulani katuvunja mbavu, nani amewahi kupelekwa hospitali?"

Kicheko kidogo kikapita kwenye mabenchi. Hakimu hakucheka. Aliusoma ukurasa aliofunguliwa na mkalimani, kisha akaahirisha hukumu. Mkalimani akashusha pumzi, lo, kama mtu aliyetua gunia.

"Usikae," hakimu akamwambia. "Umetutafsiria miaka mingapi?"

"Kumi na minne, mheshimiwa."

"Na misimu yote ulikuwa ukiitafsiri hivi hivi, neno kwa neno?"

Ndipo alipomkumbuka kinyozi mmoja. Kinyozi aliandika kuhusu mshindani wake, "I'll roast him," na wiki ile duka la mshindani likaungua. Yeye alitafsiri: nitamchoma.

Akafungua kamusi kwenye herufi R, akatafuta roast. Kumtania mtu vikali mbele za watu, ilisema.

Kinyozi alikuwa mwaka wa tatu jela.