Udongo wa Kwanza

Tongun alitoka Arua asubuhi kwa baiskeli ya kuazima. Mama Rabia, mwenye nyumba wake, alimuuliza anafuata nini Koboko.

"Natembea tu, mama."

Alihama Juba, ng'ambo ya mpaka, mwaka uliotangulia, kijana wa miaka ishirini na mmoja, akiwatambia wenzake kwamba anakwenda kuiona dunia. Dunia aliyoipata ilikuwa chumba cha uani kwa mama Rabia na meza ya kutengeneza simu sokoni. Wateja walizungumza Kilugbara wao kwa wao. Yeye akabaki na simu zao. Siku zilipita bila mtu kulitaja jina lake.

Ili safari iwe ndefu, aliacha lami akaingia barabara ya vumbi ya Lobule. Huko, kando ya shamba la muhogo, alisikia maneno yaliyomfanya ashike breki. Wanaume wa kabila la Wakakwa walikuwa wakichimba kaburi, na lugha yao ilikaribiana mno na Kibari cha kwao. Akasalimu, wakaitikia. Maneno yalipoanza kupishana, mwanamume mmoja aitwaye Loro alihamia Kiswahili.

"Wewe iko mutu ya wapi?"

"Ya Juba, baba."

Wachimbaji wakatazamana. Loro akafuta jasho.

"Huyu tunazika pia iko mutu ya Juba. Jina yake Lukudu. Alikuja hapa kijana kama wewe, anasema anataka kuona inchi ya watu. Akalima kwa watu mpaka akazeeka. Tumetafuta ndugu yake, hakuna."

"Mimi simjui, baba."

"Najua. Lakini nani atatupa udongo ya kwanza?"

Tongun aliilaza baiskeli kwenye nyasi, akapokea jembe, akachimba nao. Mwili uliposhushwa ukiwa umeviringishwa kwenye mkeka, wote walisogea nyuma kumpisha. Alichota udongo, akatafuta la kusema, akapata moja tu kwa Kibari: "Lala, baba." Kisha akamwaga, na machozi yakamtoka kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuuona uso wake.

Wanawake walileta muhogo na maharage. Wakala, wakamshukuru, wakamshika mkono mmoja mmoja. Halafu kila mtu akashika njia ya kwake, maana palizi ilikuwa inawasubiri. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Hakuna pia aliyemwambia alale pale.

Alifika Koboko alasiri. Aliketi kwenye kibanda cha chai, matope yakiwa yamemkauka magotini, akampigia dada yake Poni kule Juba.

"Umefika Koboko? Kuko vipi?"

Alitaka kumweleza kila kitu. Lakini nyuma ya sauti ya Poni alisikia watoto wakicheka, sufuria zikigongana, mtu akimwita aje kula.

"Kuko sawa," alisema. "Nenda ukale."

Simu ilipokatika, akaagiza chai nyingine, ingawa ya kwanza ilikuwa bado haijaisha.