Kazi Isiyo na Mkenya

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu tu anajua kupitisha jani la mgomba juu ya moto? Usicheke. Mimi nimeona. Ilikuwa Manyatta, hapa Kisumu, mwaka wa sabini, na mwenye wivu alikuwa jirani yangu Nasambu. Ukuta wake na wangu ulikuwa mmoja, wa udongo, hata akikohoa nasikia.

Nasambu alikuwa Mbukusu, na kazi yake ilikuwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alfajiri alishuka ufuoni Dunga kungoja mashua, akarudi na karai kichwani, akaanika mbele ya nyumba juu ya nyavu kuukuu, jioni akawapimia watu kwa mkebe. Mumewe, Khaemba, alifanya kazi kiwanda cha nguo kule Jinja, Uganda. Mtoto wao mmoja, Maximilla, aliishi huko huko na baba yake. Usiulize mama gani anaachana na mtoto. Nasambu alishikwa na kifua kikuu wakati mtoto hajaota hata jino, daktari akamkataza kumnyonyesha, akalazwa muda mrefu. Khaemba akamchukua mtoto, akatafuta msichana wa Kisoga wa kumlea, jina lake Rosa. Nasambu alipopona, Khaemba akasema mtoto ameshazoea, tumwache kwanza. Hiyo "kwanza" ikazaa miaka.

Basi mwaka huo serikali ya Uganda ikasema wageni wasio na vibali waache kazi zao. Watu wetu wakaanza kurudi kwa malori, huyu na godoro na redio, yule na sufuria ambazo bado zina masizi ya jikoni. Khaemba naye akashuka barabarani siku moja na baiskeli, na sanduku la bati, na Maximilla, umri wake miaka saba. Na Maximilla alikuwa ameshika gauni la Rosa kwa mikono miwili.

Khaemba alieleza kwamba Rosa alikuwa awasindikize hadi mpakani tu. Mpakani mtoto akalia mpaka akatapika, ndipo akamwambia Rosa panda, twende hadi Kisumu, tutaona mbele. Rosa akapanda. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Majirani tulisema ameleta mke wa pili, mbona tusiseme. Lakini Rosa alilala jikoni na mtoto, na wiki haijaisha Khaemba akaenda Muhoroni kukata miwa, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Wivu wa Nasambu haukuwa wa mume. Huo angeuweza, angetukana, ungeisha.

Siku ya kwanza Maximilla alipita nyumba hadi nyumba akisalimia, akimpigia magoti kila mtu mzima, magoti yote mawili chini, hata mimi niliyekuwa na mikono ya majivu. Wazee wakasema mtoto huyu amelelewa. Nasambu aliniambia kwamba neno hilo, amelelewa, lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, wa ngege. Na mtoto alimwita Rosa Maama, lakini Nasambu akamwita "Mama wa Kisumu", vile unavyosema mama wa mkaa, mama wa mandazi. Akimkaribia, mtoto anaziba pua kwa ajili ya harufu ya omena. Ugali hali. Anakaa na tonge mkononi mpaka linapoa.

Nasambu akaamua kupika matoke. Alinunua mkungu wa ndizi sokoni Kibuye, akangoja Rosa aende mferejini, akamenya ndizi mikono ikanata utomvu, akazifunga kwa majani ya mgomba, akaweka motoni. Mimi nilikuwa namtazama kwa mlango. Majani yalipasuka kwenye kona zote, maji yakaingia, ikatoka kitu kama uji wa mgonjwa. Maximilla akaangalia ndani ya sufuria, akasema kwa adabu zake zile, "Maama hupitisha majani juu ya moto kwanza, yanalegea." Nasambu akamwaga yote kwa kuku.

Kesho yake, na hapa ndipo wivu ulipata kuni, Rosa alitoa mafiga nje. Hakupika tena jikoni. Alipika katikati ya ua, mbele ya nyavu za omena, pale Nasambu alipokaa akigeuzageuza samaki. Alishika jani kwa ncha mbili, akalipitisha juu ya moto polepole, akaligeuza, akalipitisha tena, likabadilika rangi likawa laini kama kitambaa. Kisha akalivunja mti wake wa katikati, akatandika sufuriani, akakunja. Polepole hivyo, kama mtu anayepigwa picha. Nywele za mtoto nazo akazisuka hapo hapo kwa uzi mweusi, akifumua fundo na kulirudia. Hata ule wimbo wa kumlaza mtoto mchana aliuimba kwa sauti, ubeti mmoja mara tatu.

"Unamwona?" Nasambu aliniambia. "Ananionyesha."

Nikamwambia pengine jikoni kuna moshi.

"Moshi gani? Ananionyesha kwamba mimi ni mama wa jina. Na wewe Jentrix unamtetea kwa sababu anakupa matoke."

Ni kweli alikuwa ananipa.

Ndipo akaja mtu wa chifu. Alisema yule msichana ni raia wa nchi nyingine, hawezi kufanya kazi ya ndani hapa bila kibali, kwa hivyo aende Uhamiaji mjini na mwajiri wake, ama mwisho wa mwezi arudi kwao. Kwetu pia sheria hiyo ilikuwepo, ilikuwa imewashughulisha zaidi wenye maduka mjini, sasa ilikuwa imepanda hadi Manyatta. Khaemba alipokuja akasema mambo ya mtoto ni ya mwanamke, Nasambu ndiye aende, akarudi kwa miwa yake.

Nasambu hakwenda. Kila asubuhi alitoka Dunga akiimba, akanunua kitambaa cha maua cha kumshonea Maximilla gauni, akaanza hata kumsalimia Rosa. Alikuwa anaiachia serikali imfanyie kazi yake. Aliniambia tukiwa tunachambua omena, "Mimi sijamfukuza mtu. Si kalenda ndiyo inamfukuza?"

Lakini watoto wana masikio. Siku moja mchana nilikuwa stendi ya mabasi kuuza mayai yangu, nikamwona Maximilla na kikapu kidogo, amempigia magoti kondakta kwenye lile vumbi, akimuuliza basi la Jinja ni lipi. Ndani ya kikapu mlikuwa na kitana, uzi mweusi na ndizi mbili. Nilipomuuliza, akasema anatangulia, ili Maama Rosa akifukuzwa amkute huko.

Nilimrudisha nimemshika mkono. Nasambu alisikiliza hadithi hiyo amesimama, magamba ya samaki kwenye vidole. Hakumpiga mtoto. Aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akatazama lile gauni la maua ambalo bado halijatiwa pindo.

"Jentrix," akasema, "heri nibaki na wivu na mtoto yuko ndani. Kesho unisindikize Uhamiaji. Wewe umefika la saba, utanisomea."

Tulikwenda watatu, Nasambu, Rosa na mimi. Nasambu alivaa viatu vyake vya kanisa. Njiani nilitembea katikati yao kama mto wa mpakani. Tulikaa kwenye benchi na wengine wengi, fundi saa mmoja Mhindi, Mtanzania wa meli, kila mtu na bahasha yake. Tukapewa karatasi. Nikaanza kumsomea Nasambu kwa sauti ya chini: jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, kazi. Nikafika mahali ambapo mwajiri anatakiwa kuthibitisha kwamba hakuna Mkenya anayeweza kufanya kazi hiyo.

"Soma tena," akasema Nasambu.

Nikasoma tena.

"Kazi gani hiyo?"

"Kulea mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wako."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu, yule fundi saa akageuka. Nasambu akaniuliza kama hakuna karatasi nyingine. Nikamwambia ni hiyo tu, kwa watu wote. Rosa alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la leso.

Karani alikuwa Bwana Waweru, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwambia Nasambu kwamba kwa kuwa yeye ni wa kidole gumba, si wa sahihi, atamuuliza kwa mdomo, na ajibu yeye mwenyewe, si jirani. Akasogeza kidau cha wino. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza bei ya chumvi:

"Mama, katika Kenya hii yetu, hakuna hata mtu mmoja anayeweza kumlea mtoto huyu?"

Nilimwona Nasambu akiminya kidole gumba kwa vidole vingine, kama mtu aliyechomwa. Nilidhani atasema yupo, ni mimi, niliyemzaa, na mambo yaishe hapo, Rosa arudi kwao na mtoto aende stendi tena. Chumba kizima kilikuwa kinasikia.

"Hakuna," akasema.

Akatia kidole kwenye wino.

Hapo Rosa akashuka kwenye kiti, magoti yote mawili kwenye saruji, kwa adabu ya kwao. Tangu aje hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno manne kwa mara moja. Alimwambia karani asipokee hicho kidole. Karani akamwambia ainuke. Hakuinuka. Akamgeukia Nasambu.

"Nyabo," alisema, yaani mama, ndivyo walivyoheshimu kwao, "mimi nina mtoto. Anaitwa Walter, yuko kwa mama yangu, anaingia mwaka wa nne. Kila nikikuona unamgusa Maximilla kichwa, wivu unanikata hapa. Wako unaye, hata kama anaziba pua."

Nasambu akabaki na kidole hewani, wino unadondoka kwenye kiatu cha kanisa.

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mzee alisema panda, nikapanda. Na ningemwachaje kwa mtu ambaye hajui majani? Ndiyo nikatoa mafiga nje. Nikasuka nje. Nikaimba kwa nguvu uushike wimbo. Nilikuwa nakuonyesha, nyabo, ili niende." Akafuta uso kwa leso. "Sitaki kibali. Nilitaka useme yupo, nikalale na mtoto wangu."