Waifai ya Aili

Kwetu huku kwenye migodi ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, mtu haombi kitu. Ukiona njia ya jirani imefukiwa na theluji, unachukua beleshi lako asubuhi, unaisafisha mpaka mlangoni kwake, kisha unarudi kwako bila kubisha hodi. Naye hakushukuru kwa mdomo, maana atakutia aibu. Siku moja utakuta mkate mtamu wa iliki umening'inizwa kwenye kitasa chako, na aliyeuleta ameshaondoka. Wanasema tenda wema uende zako. Sisi wema tunautenda na kwenda tunakwenda, ila midomo yetu imeshonwa.

Jirani yetu Aili Niskanen alikuwa mjane, kizee cha Kifini kilichokauka kama ukuni na chenye kiburi chake. Binti yake, Kirsti, aliyekaa mjini Duluth, alitaka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Aili akasema afadhali wamzike. Mwishowe wakaafikiana: atabaki kwake, mradi avae shingoni kidude chenye kitufe. Akianguka atabonyeza, na watu watakuja. Kirsti alikiunganisha mwenyewe na waifai ya nyumba ile. Kidude hicho tu ndicho kilichomwezesha Aili kulala kitandani mwake.

Sisi hatukujua kwamba kinapitia kwenye waifai. Tulichojua ni kwamba waifai yenyewe haikuwa na paswodi, na ilifika vizuri mpaka kwenye kochi letu. Mgodi ulimpunguza kazi mume wangu Wade msimu wa majani kupukutika, na kitu cha kwanza tulichokata kilikuwa intaneti. Wade akadandia ya Aili. Ya kuombea kazi, alisema. Na kweli aliomba, ila alitazama pia mpira wa magongo wa barafuni. Mimi nami nilitazama vipindi vyangu vya mapishi, sijitakasi.

"Si ungemwambia tu?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini? 'Aili, nakunyonyea intaneti yako'? Jolene, njia yake nani anaisafisha? Tumeshalipana."

"Na yeye anajua kwamba mmelipana?"

Akaongeza sauti ya mpira.

Januari likaanza kuja gari la kijivu, linaegeshwa kwenye uzio wa Aili alasiri, na ndani yake mwanamume tusiyemjua na kompyuta mapajani. Wade alikuwa amesikia redioni habari za mzee mmoja aliyevunjiwa mlango na polisi kwa sababu mpita njia alitumia mtandao wake kupakua picha chafu za watoto.

"Polisi wakija wataanza na Aili," alisema. "Bibi wa watu ataburutwa akiwa na gauni la kulalia."

Hofu yake ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini mwenye hofu kama hiyo si anavuka uzio akaseme? Kuuliza si ujinga, na kuonya si dhambi. Tatizo ni kwamba angeulizwa amejuaje kuwa mlango ule uko wazi. Kwa hiyo akafanya kama tunavyofanya siku zote. Akiwa amekaa kochini na soksi zake, aliingia kwenye kisanduku cha intaneti cha Aili, kwa paswodi ya mipangilio ileile kilichotoka nayo kiwandani, akaitia waifai kufuli la paswodi.

"Kesho atakuja kulalamika tableti yake haishiki mtandao," alisema. "Nitakwenda nijifanye namtengenezea, basi, yameisha."

"Na asipokuja?"

"Atakuja bwana, wewe nawe."

Gari la kijivu halikuonekana tena, na Wade akatembea kifua mbele. Paswodi mpya tulikuwa nayo sisi tu. Mwenye mali amefungiwa nje, mdokozi kabaki na ufunguo. Wakati ule nilicheka.

Aili hakuja. Aende kumsumbua jirani asiye na kazi, aliyejaa mashaka yake mwenyewe? Kisanduku cha kile kidude, kile kinachokiunganisha na waifai, kilipoanza kulia piii, piii kwa kukosa mtandao, alikizongomeza kwenye taulo la vyombo, akakitia kwenye droo ya vijiko, akangoja Jumapili, siku ya Kirsti kuja. Kabla ya Jumapili akateleza kwenye ngazi za kushukia sauna, chumba chake cha kuogea mvuke, nyonga ikavunjika. Kirsti ndiye aliyemkuta amekufa, na kile kisanduku akakikuta drooni. Kitufe kilikuwa kimepasuka kwa kubonyezwa. Daktari alisema hakufa upesi.

Wade alisafisha njia yake Ijumaa, akaisafisha tena Jumamosi, mpaka mlangoni, akarudi bila kubisha hodi.

Baada ya maziko tulikaa ukumbini chini ya kanisa, kwa kahawa na mikate ya nyama. Kirsti akaja mezani kwetu, macho yamemvimba.

"Nyie ndio mlikuwa mkimwangalia mama," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua. Sijui niliunganishaje kile kidude. Kampuni wanasema waifai ilikikataa tangu Jumanne."

Nilimtazama Wade. Alikuwa akitafuna tonge lilelile. Jumanne ndiyo siku aliyotia kufuli.

Kwenye gari nilimwambia, "Utamwambia."

"Itamfufua?"

"Haitamfufua. Lakini Kirsti atalibeba hilo mpaka kaburini, na wala si lake."

"Watanishtaki, Jolene."

"Wakushtaki."

Nilimwambia hivyo mwanamume niliyemzalia watoto, na nilimaanisha. Nilimchukia kwa ukimya wake, nikauchukia na wangu.

Kirsti aliporudi kuhamisha vitu vya mama yake, nilimtanguliza Wade mpaka jikoni kwa Aili, nikasimama nyuma yake asigeuke. Alisema yote, kofia mkononi: kochi, gari la kijivu, kufuli. Kirsti alikuwa akifunga vikombe kwenye magazeti. Hakuacha kufunga.

"Unadhani hatukujua?" alisema.

Wade akainua uso.

"Siku ile naunganisha kidude niliona simu yako imo kwenye orodha ya waifai, imeandikwa Wade kabisa. Nikataka kuweka paswodi. Mama akanishika mkono. 'Iache wazi,' akasema. 'Kijana wa watu anatafuta kazi, na kuomba hawezi. Nawe usije ukamwambia kitu, utamtia aibu.'"

Wade akaikunja kofia.

"Nami sikukwambia," Kirsti akaendelea, sasa polepole, kama anayejihesabia mwenyewe. "Nilikuona pale nje siku ileile, unapakia kuni. Ningesema neno moja tu. Wade, kidude cha mama kinapita humohumo mnamopita nyie, msikiguse. Nikakupungia mkono, nikaingia garini."

Kikombe kilikuwa bado mikononi mwake. Akakaa chini sakafuni, palepale penye masanduku, akakikumbatia. Nilikuwa nimemleta mume wangu amtue Kirsti mzigo usio wake. Badala yake nilimtazama binti huyo akijitwika mwingine, na huu ulikuwa wake.