Zamu ya Chiriku

Tak. Kimya kidogo. Tak tena.

Mama Chiriku alisimama kwenye korido yenye giza, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akasikiliza. Ilikuwa swichi ya chumbani. Ndiyo kwanza anarudi kutoka shule ya jioni, ng'ambo ya bandari, na pua yake ilikuwa bado imekufa ganzi kwa upepo wa kwenye kivuko. Alipofungua mlango alimkuta bintiye amesimama juu ya kiti, kidole kwenye swichi, macho dirishani. Mtoto akamtazama, akazima taa, akashuka, akajitupa kitandani. Kufumba na kufumbua, kalala fofofo.

"Umejionea mwenyewe," Bibi alisema kutoka jikoni. "Siku zako za shule ndivyo alivyo. Tak, tak, kama mjusi mwenye kwikwi. Nimembembeleza, nimemkataza, nimemfinya sikio. Ukiingia wewe tu, usingizi huo."

"Anaogopa ile taa ya mnara wa bandari, mama. Inamulika mpaka ukutani."

"Basi mbona blanketi ulilotundika dirishani kalivuta likamwangukia? Mwanangu, elimu ni bahari, sikatai. Lakini mtoto asiyelala hawezi kungoja mpaka uvuke. Acha kwanza. Utamalizia baadaye."

Mama Chiriku alivua kiatu kilichobaki. Aliijua hiyo baadaye. Ndiyo iliyoumeza ukunga aliotaka kuusomea Bibi mwenyewe alipokuwa msichana, na haijautapika mpaka leo. Mtihani ulikuwa mlangoni. Mchana kutwa alipiga pasi mashuka ya hoteli. Jioni, akikaa kwenye dawati na hesabu ikakubali, alihisi kama ni yeye anayenyooshwa.

Siku ya mapumziko akakata shauri: mtoto akamwone adui yake mchana, amjue sura. Bibi akasema haachwi nyuma.

Mnara ulisimama mwisho wa ukuta wa bandari, mweupe, mnene chini na mwembamba juu, kama mtu aliyejitanda shuka vizuri akaikabili baridi. Bahari ya kaskazini ilikuwa imeupiga tangu enzi za babu wa mababu, na bado mawe yake yalishikana hata ncha ya kisu isingepita. Mama Chiriku akaweka kiganja ukutani. Watu waliyabeba mawe haya, akawaza, ili tu mtu wasiyemjua afike salama.

Ndani, ngazi zilijizungusha kwenda juu, kila kidato kimelika katikati kwa nyayo za waliotangulia.

"Aliyejenga hizi hakuwa na magoti," Bibi alihema, akining'inia kwenye kamba ya ukutani. "Au alikuwa na mkwe anayetaka kumkomoa."

Juu walikuta mapazia mazito na mtunza taa, mwanamke mpana mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo.

"Karibuni! Vifungo!"

"Vifungo gani tena, dada?" Bibi akauliza.

"Vya makoti, mama yangu. Kifungo kimoja tu kikikikwaruza kioo changu, nitalia mbele yenu." Akawavisha aproni za kufunga kwa kamba. Ya Chiriku ilimfika visiginoni. "Mchana tunakifunika. Jua likiingia humu linakusanyika, linakuwa moto." Akavuta pazia la upande wa kivuli.

Mama Chiriku akainua kichwa. Kioo kilikuwa kirefu kumpita, duara juu ya duara, vipande vilivyokatwa mshazari na kupangwa kama magamba ya samaki, kila kimoja kimeshika kijisehemu chake cha mbingu. Katikati iliwaka balbu isiyozidi ngumi.

"Ni hiyo tu?" Mama Chiriku akauliza.

"Hiyo tu. Leo nimeiwasha kuipima. Kioo ndicho kinachoushika mwanga na kuutuma mbali. Haya, mjukuu, sukuma. Kidole kimoja kinatosha."

Chiriku akasukuma. Kioo kizito kama lori, kinachoelea juu ya beseni la zebaki, kikaanza kuzunguka bila hata mlio. Bibi akasahau magoti yake.

"Ikizimika," Chiriku akauliza, "nani anaiwasha?"

"Haizimiki, mama," mtunza taa akamjibu.

"Inazimika. Mimi naona. Ikizimika nawasha ya kwetu."

"Kwa nini, mwanangu?" Mama Chiriku akauliza, na hapo hapo akagundua kwamba ndilo swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto huyu.

"Si wewe uko kwenye kivuko? Kivuko kitapotea."

Hakuna aliyecheka. Bibi alijishika sikio lake mwenyewe. "Na mimi namfinya!" alinong'ona. Mama Chiriku alimkumbatia bintiye, aproni na yote.

Mtunza taa akachuchumaa, uso kwa uso na Chiriku. "Angalia balbu, usiangalie kioo. Imezimika?"

Kioo kikazunguka. Mwanga ukapita usoni mwao, ukaenda kwenye pazia, ukarudi.

"Hapana," Chiriku akasema polepole.

"Ukiona giza kule kwenu, ujue inamwangalia mtu mwingine. Na hilo giza lina kazi. Nahodha akiona mwanga, giza, mwanga, kwa mwendo huu huu, anajua ni sisi, si mnara mwingine." Kisha akasimama wima. "Lakini kumbe tulikuwa wawili kazini. Hapa tuna desturi: mlinzi halali mpaka mwenzake apokee zamu. Lete mkono."

Chiriku akautoa. Mkono mkubwa ukaumeza mdogo.

"Zamu nimeipokea," mtunza taa akatamka, bila hata chembe ya mzaha.

Jioni iliyofuata ya shule, jua, ambalo msimu ule hulala kabla ya kuku, lilikuwa limeshazama. Blanketi lilikuwa kitandani, mahali pake. Mama Chiriku alivaa viatu taratibu kwenye korido, akakawia na kamba zake, sikio chumbani. Bibi alisimama na sufuria mkononi, naye akisikiliza. Mwanga wa mnara ukapita ukutani. Likaja giza. Swichi haikulia.

Mama akachungulia. Chiriku alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, mgongo dirishani.

"Nenda shule, mama, zamu nimeshaikabidhi."